Upawa wa Bi Salhina

Ilikuwa Alhamisi, mwezi kumi na saba Rajabu, punde baada ya swala ya adhuhuri, ndipo Bi Salhina bint Harithi alipotenda jambo ambalo hakuweza tena kulitengua. Hivi ndivyo walivyotusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Bi Salhina alikuwa mjane mcha Mungu, katika mji uliokosa mvua miaka mitatu. Kila siku yeye na wenzake walipika uji wa mtama uani mwa msikiti, wakawagawia wenye njaa bila ujira. Watu wakamwita Mama wa Maskini. Ili kumsitiri mhitaji, walitundika mkeka baina yao na watu. Mhitaji alipitisha bakuli chini ya mkeka wala hakusema neno, asije akajulikana kwa sauti. Kila mkono upawa mmoja. Uji haukutosha zaidi ya hapo.

Siku hiyo ulipita mkono wenye kovu la moto, ukajaziwa bakuli, ukaondoka. Kitambo kidogo ukarudi. Bi Salhina akaupiga kwa upawa.

"Wewe nimeshakujua! Tumbo lako pipa?"

Bi Zuwena, aliyekuwa pamoja naye pale mkekani, akacheka. "Mpe na chungu kabisa, aende nacho!"

Mkono ukajirudisha polepole, na bakuli tupu.

Siku ya tano mwanamke aitwaye Raihani, mwenye kichanga mgongoni, alimjia Sheikh Ubwa, msimamizi wa jiko, pale uani mbele ya wapishi, kuomba sanda ya baba yake. Aliponyoosha mkono kuipokea, Bi Salhina akaliona lile kovu.

"Alhamisi ndiyo siku ya kwanza chakula kutuishia," Raihani alimweleza sheikh. "Nyumbani tuna bakuli moja tu. Nilikunywa mimi ninayenyonyesha, nikarudi kumchukulia baba, maana hawezi kutembea. Nikapigwa, nikaambiwa tumbo langu pipa. Tangu hapo niliogopa kurudi mara ya pili. Nilitaka tugawane langu, akakataa. Alisema, 'Kunywa wewe, mwanangu, mtoto apate kunyonya.'"

Sheikh akawageukia wapishi. "Nani aliyesema maneno hayo?"

Watu wakaanza kunong'ona kuwa maneno kama hayo ni ya Zuwena, maana ulimi wake wanaujua. Bi Zuwena akainamisha kichwa. Hakujitetea, wala hakumtaja mwenzake.

Bi Salhina alijua kwamba akinyamaza, atabaki Mama wa Maskini mpaka kaburini. Akasogea mbele.

"Ni mimi, sheikh. Zuwena alicheka tu. Aliyempiga Raihani na kumnyima baba yake ni mimi."

Raihani akamtazama. "Ungeniuliza, bibi."

"Nilidhani najua."

"Sina radhi ya kukupa leo."

"Sitakuharakisha, mwanangu."

Kuanzia siku hiyo, kila adhuhuri, Bi Salhina alimpelekea Raihani uji mwenyewe. Raihani alipokea, akaitikia salamu, akafunga mlango. Mvua ilirudi, mtoto akaanza kutembea, na mlango uliendelea kufungwa. Bi Salhina hakulalamika.

Mwaka wa pili homa ilimchukua. Wanawake walipokusanyika kumwosha, Raihani aliingia, akakunja mikono ya nguo yake, akashika kata ya maji.

Bi Zuwena akamuuliza kwa upole, "Umemsamehe?"

"Angeweza kunificha kosa lake," Raihani akasema, "na hakunificha. Nimemsamehe. Laiti ningalimwambia jana."

Ndugu zangu, sisi tuliozika tunalijua jambo hili: maiti hasikii tena radhi tuliyoichelewesha. Ukikosa, kiri mapema. Mwenzako akikiri kwako, usingoje sanda.

Ewe Mola, mrehemu mzee yule aliyekufa na njaa, mrehemu na Salhina aliyekiri kosa lake. Warehemu wetu tuliowatanguliza udongoni, uwape makaburi yenye nafasi na nuru, na utusamehe yale tuliyochelewa kuwaambia. Amina.