Liwali Aliyenywesha Tembo

Hapo zamani, katika nchi ya Wasamburu, palikuwa na liwali aliyeitwa Feruzi, naye alikuwa na majibu mawili juu ya tembo. Tembo akivunja nyumba ya mtu, Liwali alisema tembo ni wa Mungu. Mgeni akija kutoka nchi za mbali kumtazama tembo huyo huyo, Liwali alisema tembo ni wake, akapokea ushuru.

Wageni hao walikuwa wengi. Walisafiri siku kadha wa kadha, wakaketi juu ya ukingo wa mto, wakamtazama mnyama wasiyemkamua wala kumla, kisha wakarudi kwao wameridhika. Wasamburu waliona jambo hilo ni la ajabu, lakini hawakuwa na neno nalo. Liwali alikuwa amewaahidi mbele ya wazee, akisema, "Ninyi waachieni wanyama malisho ya kando ya mto, msiwawinde wala msiwafukuze. Nami kwa ushuru wa wageni nitawajengea kisima cha mawe, na nyumba ya mganga kwa ajili ya wanawake wenye mimba."

Basi wazee wakayaacha malisho. Ikapita miaka mitatu. Wanyama wakaongezeka, wageni wakaongezeka, na nyumba ya Liwali ikaongezeka vyumba. Kisima cha mawe hakikuonekana, wala nyumba ya mganga.

Ikawa watu waliendelea kunywesha mifugo kwa desturi yao. Wakati wa kiangazi mto wa nchi ile hukauka, ukabaki mchanga mtupu, na watu huchimba shimo katika mchanga mpaka wakayakuta maji. Mwanamume hushuka shimoni, akateka kwa ndoo ya ngozi, akamimina katika hori la mti lililo juu, na huku anaimba. Kila ukoo una wimbo wake, wenye majina ya ng'ombe wake na rangi zao. Makundi kumi huweza kusimama ukingoni yakingoja. Ukiimbwa wimbo wa kundi moja, kundi hilo peke yake hushuka. Na ng'ombe wakichanganyika, watu wakagombana, wazee hawaulizi mengi. Husema, "Imbeni." Mnyama akimfuata mtu kwa wimbo, huyo ndiye mwenye mnyama.

Sasa, alikuwako mtu mmoja aliyeitwa Lekupe, ambaye hakuwa na ng'ombe, wala mbuzi, wala punda. Ukame ulikuwa umemwachia fimbo na kibuyu. Aliteka maji katika kisima cha wenzake pale mtoni kwa ujira wa maziwa, na kwa kuwa hakuwa na mifugo, hakuwa na wimbo. Basi akajitungia mmoja, akatia majina ya tembo. Kila alasiri, wenye ng'ombe wakishaondoka, alibaki shimoni akilijaza hori na kuimba, na tembo wakashuka wakanywa.

Vijana walimcheka. "Lekupe, ng'ombe wako wana pua ndefu."

"Ndefu, ndiyo," alijibu. "Lakini ugonjwa wa sotoka hauwaui."

Wazee hawakumcheka sana, maana walijua kwamba tembo mwenye kiu hukivunja kisima akitafuta maji, na kisima kile hakikuvunjwa tangu Lekupe alipoanza kuimba.

Siku moja Liwali akaita baraza. Wageni walikuwapo, wameketi kivulini na vinywaji vyao. Liwali akasema, "Wageni wangu wananiambia kwamba wakija kutazama tembo huwaona na ng'ombe. Kengele za ng'ombe zinawasumbua, na harufu pia. Basi nimeamuru, mwezi ukiandama, kisima cha mtoni kizungushiwe ua, na ng'ombe wasishuke tena. Miti imekwisha kukatwa."

Kisima kile ndicho peke yake kilichokuwa na maji kwa mwendo wa siku mbili, na mvua ilikuwa mbali.

Mzee Leaduma, mkubwa wa wazee, akainuka. "Bwana Liwali, kisima kikifungwa, ng'ombe watakufa kabla ya mvua. Na watoto wetu hula kwa ng'ombe."

"Mzee Leaduma, nami nakuuliza," akasema Liwali. "Katika sheria zenu, maji ya kisima ni ya nani?"

"Ni ya mwenye mnyama anayenyweshwa hapo."

"Ahsante. Kisima kile hunywesha tembo, na tembo ni wangu. Nimehukumu kwa sheria yenu."

Hapo ikasikika sauti ya mtu akicheka nyuma ya baraza. Askari wakamtafuta, wakamleta Lekupe mbele.

"Ewe maskini, unacheka nini?"

"Nacheka kwa furaha, Bwana Liwali. Ng'oto Nasieku, mjane yule pale, tembo waliivunja nyumba yake mwaka juzi. Tangu siku ile anamtafuta mwenye tembo. Leo amempata."

Ng'oto Nasieku akasimama, kwa kuwa alikuwa ameitwa kwa jina, akakunja mikono.

"Tembo waliovunja nyumba walikuwa wa Mungu," akasema Liwali.

"Na hawa wa kisimani?"

"Hawa ni wangu."

"Basi tuoneshe tofauti yao, Bwana Liwali, ili wakija nyumbani tujue wa kumpigia kelele."

Watu wakacheka, na wageni, walipotafsiriwa maneno hayo, wakacheka pia. Liwali akaona haya, na haya ikamtia ukali. Akasema, "Wewe usiye na hata kuku, unanifundisha habari za mali? Kama tembo si wangu, ni wako? Haya. Kesho kutwa, mbele ya wageni hawa, niletee tembo anayekujua wewe kuwa mwenyewe. Usimfunge kamba, usimswage kwa fimbo, usitume mtu kumfukuza. Ukiweza, ua haujengwi. Usipoweza, utaubeba kila mti wa ua ule kwa mabega yako, kisha uihame nchi hii."

"Nimekubali," akasema Lekupe. "Ila sheria yetu hutaka wagombanao waimbe wote wawili. Nawe, Bwana Liwali, utaimba?"

Liwali angekataa, lakini mgeni mmoja alikuwa amekwisha kupiga makofi.

Siku ya ahadi ikafika. Alasiri watu walijaa ukingo mmoja wa mto, Wasamburu upande huu na wageni upande ule, na ukingo wa pili ukaachwa wazi. Liwali akaanza. Karani wake alikuwa amemtungia shairi la beti kumi na mbili juu ya ukoo wa Liwali, na tembo alitajwa katika ubeti wa kumi na moja. Liwali akaliimba lote. Ng'ambo ya mto hapakutikisika jani. Alipofika mwisho akaja punda wa Ng'oto Nasieku, akasimama mbele yake, akalia kwa sauti ndefu.

"Amekuja," akasema Lekupe. "Yeyo, mama yangu, pole. Punda wako amepata mwenyewe."

"Amchukue," akasema Ng'oto Nasieku. "Anauma."

Basi Lekupe akashuka shimoni. Akamimina ndoo moja horini, akaanza kuimba. Hakuwa na sauti nzuri. Aliimba juu ya Sikio-Tundu, tembo jike mkuu wa kundi, na dada yake mwenye pembe moja, na ndama aliyezaliwa mwaka wa nzige. Kabla hajafika kwa ndama, Sikio-Tundu mwenyewe akatokea ng'ambo, na nyuma yake wengine kumi. Wakasimama ukingoni kwa utaratibu, kama ng'ombe wangojeao zamu.

Liwali alikuwa mtu mwerevu, na hakukubali kushindwa upesi. Akasema, "Hawakufuata wimbo. Wamefuata maji. Mtu yeyote mwenye ndoo huweza kufanya hivyo."

Mzee Leaduma akamtazama Lekupe, maana neno lile lilikuwa na nguvu. Lekupe akapanda kutoka shimoni, akajipangusa mchanga.

"Bwana Liwali amesema kweli," akasema. "Na sheria iko hivyo hivyo. Mwenye kunywesha ndiye mwenyewe, mradi asiache kuteka mpaka mnyama wa mwisho ainue kichwa kwa hiari yake. Akiacha mnyama ana kiu, mali si yake tena. Ndoo hiyo hapo. Shimo bado liko wazi, mwezi haujaandama."

Liwali akatazama shimo. Akawatazama wageni, nao walikuwa wamesogea karibu ili waone vizuri. Akavua joho, akampa karani, akashuka.

Ndoo ya kwanza aliimimina vizuri. Sikio-Tundu akaushuka ukingo, akatia mkonga horini, maji yakaisha. Liwali akateka ya pili. Ikaisha. Akateka ya kumi, na kilemba kikaangukia majini. Ilipofika ya ishirini alikuwa akiinyanyua ndoo kwa goti. Akitazama juu aliuona mkonga ukipapasa mdomo wa shimo, ukipuliza mchanga juu ya kichwa chake, na hapakuwa na njia ya kupanda.

"Lekupe," akaita kwa sauti ya chini.

"Labeka, Bwana Liwali."

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Walikuja kumi na mmoja."

"Ndiyo. Huyu hajamaliza."

Liwali akateka nyingine tano. Kisha akaketi ndani ya maji, ndoo mapajani. Mkonga ukashuka, ukaigusa ndoo, ukamgusa shavu, ukarudi kwenye ndoo.

"Tembo si wangu," akasema Liwali.

Lekupe akatega sikio. "Sauti haifiki huku, Bwana Liwali. Wageni hawajasikia."

"Tembo si wangu," akasema kwa sauti iliyofika kote mtoni.

"Karani, umeandika?"

"Nimeandika," akasema karani.

"Ni wako basi," akasema Liwali kutoka shimoni. "Wako wote. Nitoe."

"Nami nina mikono miwili tu, Bwana Liwali. Ni wa watu wa kisima." Kisha akawaita wenzake. Wakashuka upande wa pili wa shimo, wakamtoa Liwali, wakapokezana ndoo kutoka mkono hadi mkono, na vijana waliokuwa wakimcheka Lekupe wakawa wanauimba wimbo wake, maana kumbe waliujua wote. Tembo wakanywa mpaka wa mwisho akainua kichwa.

Liwali akasimama ukingoni, matope mpaka kiunoni. Akangoja kuchekwa. Badala yake wageni wakampigia makofi, wote, kwa muda mrefu, na mmoja akamtuma mkalimani kuuliza kama Liwali atawanywesha tembo kesho tena.

Liwali aliposikia hivyo akacheka, kwanza kidogo, kisha akashindwa kujizuia. Akasema, "Miaka mitatu nawaonesha tembo, sijapigiwa makofi hata siku moja." Akavaa joho lake juu ya matope, na kwa kuwa karani alikuwa ameandika na wageni walikuwa wamesikia, akahukumu hapo hapo: ua usijengwe, miti iliyokatwa ijenge nyumba ya mganga, na ushuru wa wageni upokelewe na wazee wa kisima, kwa maana ushuru ni wa mwenye mnyama. Lekupe akapewa mtamba mwekundu kutoka zizi la Liwali.

Mvua mbili zikapita, na kisima cha mawe kikawa kimekwisha, chenye hori la ng'ombe karibu, na la tembo mbali kidogo. Wageni wakazidi kuja, wakawatazama tembo na ng'ombe pamoja, na habari za harufu zikasahauliwa. Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ya mganga alikuwa mjukuu wa Mzee Leaduma.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata siku ya kisima, Lekupe alikuwa amelala, mtamba wake amemfunga miguuni ili asipotee, alipoguswa ubavuni na fimbo. Alikuwa Ng'oto Nasieku.

"Lekupe, mwanangu, mwaka wa pili huu namtafuta mwenye tembo."

"Yeyo, tembo ni wa watu wote wa kisima. Ulisikia."

"Nilisikia. Nitaanza na wewe, wengine nitawafikia."

Basi Lekupe akainuka, akaanza kumjengea nyumba yake upya. Katika nchi ile nyumba hujengwa na wanawake, na hakuna mtu aliyekumbuka kumwona mwanamume akifanya kazi hiyo. Alikata fito, akazipinda, zikavunjika, akakata nyingine. Siku ya nne alianza kukandika mavi ya ng'ombe, na wanawake wa manyata tatu wakawa wanapita njia ile kwenda kuteka maji, ingawa haikuwa njia ya maji.

Siku ya sita Liwali akapita juu ya nyumbu wake mwenye tandiko. Akasimama, akamtazama Lekupe aliyekuwa juu ya paa, mavi ya ng'ombe mpaka viwiko.

"Lekupe," akasema, "hebu niambie. Tembo ni wa nani?"

Lekupe akafikiri.

"Leo, Bwana Liwali," akasema, "ni wa Mungu."

Liwali akacheka mpaka nyumbu akashtuka, akaenda zake akicheka, na sauti yake ikasikika mpaka mtoni. Ng'oto Nasieku, aliyekuwa ndani ya nyumba, hakucheka. Alitazama juu, akasema, "Umeacha tundu hapa."