Mbio za Salamu

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, aliishi Digidigi na mkewe kwenye vichaka vya nyuma ya kilima. Digidigi mnamjua: miguu kama njiti za kiberiti, macho makubwa kuliko uso. Acheni kucheka. Huyo huyo ndiye ninayemsimulia.

Kiangazi kilikuwa kimeingia, na nchi nzima ilibakiwa na kisima kimoja. Kila mwaka, majani yakianza kukauka, waliojiweza walishindana mbio kutoka kilimani hadi kisimani, mbio ndefu za nusu siku. Mshindi ndiye aliyepanga nani anywe kwanza mpaka mvua zirudi. Miaka sita mfululizo alishinda Nyati. Miaka sita mfululizo ukoo wa Nyati uliingia majini wa kwanza, wote kwa pamoja, chubwi! chubwi! chubwi! Walipotoka, wadogo waliachiwa tope.

Mwaka huo mke wa Digidigi alikuwa mjamzito. Mwaka uliotangulia pia alikuwa mjamzito, akaugua tumbo kwa tope lile, na mtoto hakuishi. Digidigi hakulizungumza jambo hilo na mtu yeyote. Alisema tu, "Mwaka huu nitakimbia."

"Wewe?" akauliza Kanga. Kanga alikuwa shoga wa mkewe, na kila asubuhi alipita kuwajulia hali. "Shemeji, mbio unazo, lakini ni za kumkimbia mbwa mwitu. Fyuu! mpaka kichaka cha pili, kisha chali, ulimi nje."

"Basi nifundishe."

"Mimi? Mimi nimekatazwa hata kushindana! Eti nina mbawa, nitaruka. Na mwili huu, niruke nusu siku?" Kanga akajitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka maana aliuona uso wa Digidigi. Naye alikumbuka mwaka uliopita. "Haya. Kesho alfajiri. Uje hujashiba."

Alfajiri wakaanza. Kanga mbele, kwata kwata kwata, Digidigi nyuma, ti ti ti ti.

"Sheria ni moja," alisema Kanga bila kugeuka. "Tunakimbia tukiongea. Ukishindwa kunijibu, umezidisha mwendo. Punguza."

"Tuongee nini?"

"Nini tena? Tusalimiane. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Mama watoto je?"

"Ha... haja... hajambo."

"Punguza!"

Siku ya kwanza alishindwa kabla hawajafika kwenye salamu za wajomba. Siku ya tano walisalimiana hadi mto mkavu. Siku ya kumi na mbili Kanga alimuuliza habari za shamba, za mvua, za jirani na za mkwe, na Digidigi akajibu zote huku wakipanda mlima. Njia hiyo ilipita nyumba za watu, na kila walipopita Kanga hakukubali wapite kimya. "Hodi, Mama Ngiri! Mmeamkaje?" Miguu haikusimama. Wakingoja jibu, walizunguka ua wa mwenye nyumba, kwata kwata, ti ti ti, mpaka waagwe.

Digidigi alianza kuzipenda asubuhi zile. Hakuwa amewahi kuongea na mtu muda mrefu hivyo. Siku moja, katikati ya salamu, bila kuulizwa, alijikuta amesema, "Shemeji, mimi naogopa."

"Najua," alisema Kanga. "Endelea kukimbia."

Basi ikawa asubuhi moja wakamkuta Nyati naye akifanya mazoezi uwandani. Alikwenda mbio kichwa chini, mdomo kaufunga, gidi gidi gidi gidi! Vumbi likafika mbinguni.

"Shikamoo, Mzee Nyati!" akaita Digidigi.

Nyati alipenda kuamkiwa kuliko alivyopenda majani mabichi. Akasimama papo hapo ili aitikie kwa heshima zake. "Ma..." akasema. "Mara... hff! Ma... hff! hff!" Marahaba haikutoka. Alisimama pale anahema mpaka Digidigi na Kanga wakapotea machoni.

Digidigi alinyamaza kitambo. Kanga akadhani amechoka.

"Sijachoka," alisema Digidigi. "Nawaza."

Siku mbili kabla ya mbio, wanyama walikutana kwa Bi Twiga, msimamizi wa kisima. Digidigi akaomba kusema. Alijikunja, akazidi kuwa mdogo.

"Wakubwa zangu, mimi jambo dogo tu linanisumbua. Aibu. Njia yetu inapita nyumba tatu: kwa Bwana Nungunungu, kwa Mama Ngiri, na kwa Bi Pimbi kule kwenye mawe. Kila mwaka tunapita mbio bila salamu. Watasema hatukufundwa! Na nyinyi wazee, mnapitaje nyumba ya watu msipewe shikamoo zenu?"

Nyati akainua kichwa. Kumbe miaka sita amekuwa akipunjwa!

"Kijana amesema kweli!" alinguruma. "Kuanzia mwaka huu, kila mkimbiaji atasalimiana na mwenye nyumba mpaka waagane. Anayepita nyumba ya mtu bila salamu si mshindi, huyo ni mwizi anayekimbizwa!"

"Imepita," akasema Bi Twiga. "Nami kisimani nitamuuliza kila mmoja habari za alikopita. Shingo hii imeyaweka masikio yangu mbali na nyumba zenu, sisikii lolote."

Njiani kurudi, Kanga hakusema kitu. Kanga kunyamaza, watoto, ni habari kubwa.

"Shemeji," alisema mwishowe, "umemtega."

"Ni adabu ile."

"Ni mtego uliovaa kanzu. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningemtega kwa mikono miwili. Lakini mimi sikukufundisha salamu za kutegea watu."

Walikuwa wamefika nyumbani. Mkewe alikuwa amelala mlangoni, ubavu juu ubavu chini, na Digidigi alipomtazama hakuona kosa lolote katika mtego ule.

Siku ya mbio ikafika. Walijitokeza watatu: Nyati, Nyumbu na Digidigi. Bi Twiga akiwa kisimani, tumbili akapiga ngoma kilimani. Ti! Gidi gidi gidi! Nyati na Nyumbu wakatokomea ndani ya vumbi. Digidigi akashika mwendo wake wa maongezi, peke yake. Kinywani mwake alikuwa akijisalimia. Hujambo? Sijambo. Umeamkaje? Salama.

Kwa Bwana Nungunungu aliwakuta wamesimama.

"Na shangazi yako wa ng'ambo, Mzee Nyati?" alikuwa akiuliza Nungunungu kwa furaha.

"Haja... hff!"

"Na ng'ambo ya pili?"

Digidigi akazunguka ua mara mbili, akaamkia, akauliza, akaambiwa kwamba Bibi Nungunungu amejifungua juzi, akasema hongera, akaagwa. Ti ti ti ti.

Nyati akamfuata mbio kwa hasira, akampita. Nyumbu naye. Wakafika kwa Mama Ngiri. Mama Ngiri ana watoto saba, na wote wamefundishwa adabu.

"Shikamoo!" wa kwanza.

"Mara... haba," Nyati.

"Shikamoo!" wa pili.

"Ma... haba."

"Shikamoo!" wa tatu, na wa nne, na wa tano. Nyumbu alipofika kwa wa sita alikaa chini. Alipofika kwa wa saba alilala. Mama Ngiri akamletea mkeka.

"Marahaba wanangu wote!" aliimba Digidigi akizunguka ua. "Huyu wa mwisho mbona meno yameanza kuota?"

"Yameota jana!" akasema Mama Ngiri.

Safari hii Digidigi ndiye aliyetangulia kutoka, na Nyati akabaki anahema. Ikabaki nyumba moja na uwanda. Upepo wa kisima ulianza kumfikia puani. Aliwaza maji meupe, ya kuona mpaka chini, na mkewe akiinamisha shingo.

Mbele ya mawe alikaa Bi Pimbi, mzee kuliko wote, kajikunyata.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hujambo bibi?"

"Sijambo." Sauti ilikuwa ndogo. "Sijambo, ila..."

Mnaijua hiyo *ila*. Mtu husema hajambo kwanza, maana ndivyo tulivyofundishwa, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe hukaa nyuma ya *ila*, na aliye na haraka huwa ameshaondoka.

Digidigi alikuwa ameshapiga hatua nne. Nyuma yake, mbali, gidi gidi gidi. Akisimama atapitwa, na akipitwa, uwanda uliobaki ni wa miguu mirefu. Atamwambia nini mkewe? Mwaka wa pili wa tope. Miguu ilisema nenda. Hakuna aliyeisikia ile *ila* isipokuwa yeye.

Akarudi.

"Ila nini, bibi?"

"Mguu, baba. Huu wa nyuma wa kushoto. Nimeteguka siku ya nne leo, sijafika kisimani. Nalamba umande kwenye mawe. Nao kiangazi hiki hauna nguvu." Aliongea polepole, kama mtu ambaye hajaongea siku nne. Digidigi akaacha kuzunguka. Miguu ikasimama kabisa, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akausogeza mguu wa Bi Pimbi kivulini kwa pua yake.

Gidi gidi gidi gidi! Nyati huyo!

"Hujambo, mwanangu Nyati?" akaita Bi Pimbi.

"Nzr!" alisema Nyati, wala hakugeuza kichwa. Vumbi likawafunika wote wawili.

"Si angesimama hata kidogo," alisema Bi Pimbi, akikohoa.

"Bibi, niage niende," alisema Digidigi, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Nitarudi na maji. Nikishinda, nikishindwa, nitarudi."

"Nenda salama, mjukuu wangu."

Alikimbia. Jamani, alikimbia! Lakini uwanda ni uwanda. Alipofika, Nyati alikuwa ameshalowesha kwato, ukoo wake unapiga vigelegele, na Kanga amesimama pembeni na mke wa Digidigi.

"Subirini," alisema Bi Twiga kutoka juu. "Nyati, habari za huko utokako? Za kwa Nungunungu?"

"Nzuri!"

"Za kwa Mama Ngiri?"

"Nzuri!"

"Za kwa Bi Pimbi?"

"Nzuri sana!"

"Digidigi, nawe?"

Digidigi alivuta pumzi moja tu. Ilimtosha. "Kwa Nungunungu wamepata mtoto juzi. Kwa Mama Ngiri kitindamimba ameota meno, na Nyumbu amelala mkekani. Kwa Bi Pimbi si nzuri. Ameumia mguu, ana kiu siku ya nne."

"Mwongo!" alinguruma Nyati. "Nimemuona kwa macho yangu!"

"Mguu gani umeumia, Nyati?" aliuliza Bi Twiga taratibu.

"Mguu? Ule... wa mbele. Wa kulia."

"Na wewe, Digidigi?"

"Wa nyuma. Wa kushoto."

Bi Twiga akanyoosha shingo yake yote, akatazama mbali kule kwenye mawe, akatazama muda mrefu. "Naona mzee amekaa, mguu wa nyuma wa kushoto kaunyoosha," alisema. "Nyati, tukumbushe sheria. Si ulitunga mwenyewe?"

Nyati alifungua mdomo mara mbili. Tuseme haki yake: alisema. "Anayepita nyumba ya mtu bila salamu si mshindi." Iliyobaki aliimeza. Akatoa kwato majini, moja moja. Kisha akamgeukia Digidigi. "Ulinitega, kijana."

"Nilikutega, mzee," alisema Digidigi. "Lakini kwa Bi Pimbi nilinaswa mimi pia."

Nyati akamtazama kitambo, asijue akasirike vipi.

"Panga," alisema Bi Twiga. "Nani anywe kwanza?"

Mke wa Digidigi alikuwa amesimama pale, midomo imekauka, na maji meupe mbele yake. Digidigi akamtazama. Yeye akamwashiria kwa kichwa kuelekea kwenye mawe, maana naye alikuwa amesikia.

"Bi Pimbi kwanza," alisema Digidigi. "Kisha wenye mimba. Kisha wadogo. Wakubwa mwisho, tena mmoja mmoja. Nami naomba mtu mwenye mgongo mpana aende akamlete bibi, maana mimi nikimbeba tutaanguka wote."

Nyati ndiye aliyekwenda. Alikwenda polepole, Kanga akitembea kando yake, kwata kwata, akimuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shangazi wa ng'ambo, na safari hii Nyati akazijibu zote.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani, nanyi wanangu shikeni neno moja: usimwambie mtu "nzuri" kabla hujamsikiliza mpaka mwisho.