Somo wa Mtoto wa Mwanakombo

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa Mwanakombo kumcheka mumewe kwa kutia chumvi kwenye chai. “Fundi mzima, sukari huijui?” Kisha akashika meza. Uchungu ulikuwa umeanza.

Sikilizeni vizuri, maana nitawauliza. Shaame, Mzanzibari, alikuwa fundi wa mtambo wa mafuta baharini huko Guinea ya Ikweta, nchi yenye lugha rasmi tatu: Kihispania, Kifaransa na Kireno. Yeye hakujua hata moja. Mkewe alikuwa na mashoga watatu, majirani aliowafundisha Kiswahili cha jikoni, na aliwaahidi: “Atakayenivusha siku ya kujifungua ndiye somo wa mwanangu. Mtoto atachukua jina lake, na nisipokuwepo, amlee yeye.”

Shaame alipopiga kelele, wote watatu walitoka.

Consuelo alijua Kihispania. Lango la mtaa lilikuwa limefungwa, na mlinzi hakusikia lugha nyingine. Akambembeleza, akamfokea, lango likafunguliwa.

Fabienne alijua Kifaransa. Gari pekee lilikuwa la mgeni kutoka Gabon, naye hakutaka kubeba mwenye uchungu. Fabienne alimwambia maneno ambayo mpaka leo hajayatafsiri. Gari likawaka.

Edite alijua Kireno. Daktari wa zamu, mtu wa São Tomé asiyejua lugha nyingine, aliuliza ni dawa gani inayomdhuru mgonjwa. Shaame aliijua, lakini angemwambiaje? Akamwambia Edite, Edite akamwambia daktari. Mtoto wa kike akatoka hai. Mama akafa.

Baada ya maziko, mashoga walikuja kudai ahadi.

“Bila mimi angezalia uani,” alisema Consuelo.

“Lango lako lingembeba mgongoni?” Fabienne akamjibu.

“Mngefika, kisha mngeongea na daktari kwa vidole,” alisema Edite.

Mkataba wa kazi ulimtaka Shaame arudi baharini kesho yake, na mtoto hapelekwi mtamboni. Popote atakapomwacha, binti yake ataota kwa lugha ambayo baba haielewi. Sheria nayo haikumsaidia. Mbele yake lugha zote tatu zilikuwa sawa.

Asubuhi iliyofuata alimwogesha mtoto, akamfunika, akatoka naye barazani. Wanawake watatu walikuwa wamesimama, kila mmoja mlangoni kwake, mikono wameinyoosha. Gari la kazini lilikuwa likipiga honi.

Je, wewe ungemkabidhi nani?