Ua wa Mzee Senkondo

Kiangazi kile kilikausha hata mibono. Ulibaki kijani mti mmoja tu, mlonge uliojiotea katika kiwanja cha Mzee Senkondo, tajiri wa ng'ombe. Wenye wagonjwa wakawa wanaingia kuchuma majani ya dawa. Senkondo akapandwa na hasira, akamwita Nanzia, mwanamke aliyejua kila kazi ya mikono.

"Nijengee ua. Atakayetia mguu ndani, nachukua mbuzi wake."

"Na atakayesimama njiani, mzee?"

"Njia si yangu."

"Haya, nipe nguzo."

"Nguzo nitoe wapi? Kata matawi ya mlonge huohuo, yale wanayoyafikia."

"Matawi mabichi, mzee? Watu watanicheka!"

"Kwani ua ni wangu au wako?"

Nanzia akanung'unika weee, kisha akakata matawi manene, akayachimbia kuzunguka kiwanja chote.

Mvua za vuli zikaja. Asubuhi moja Senkondo alitoka nje akakuta ua wake umechipua kila nguzo, na kijiji kizima kimejipanga njiani kinachuma.

"Wezi nyie!"

"Nani katia mguu ndani, mzee?" akauliza Nanzia, kikapu kimejaa majani.

"Basi naung'oa wote, leo hii!"

Nanzia akawageukia wenzake. "Jamani, kimbieni mkalete majembe! Mzee anang'oa, sisi tunakwenda kupanda majumbani kwetu."

Senkondo akaiachia taratibu nguzo aliyokwisha kuishika.