Vinu Viwili Vilivyotwanga Njaa

Nikisema "Kale!" nyinyi mnaniitikia "Ya wenyewe!" Haya. Kale!

Ya wenyewe!

Kale ya nani?

Ya kwetu!

Mh, ya kwetu kweli. Ingekuwa ya watu wengine ningeisema kwa sauti ya juu zaidi, majirani nao wasikie. Sogeeni. Wewe Shebe, mume wangu, acha kumfinya mke mwenzangu Rukia. Kaeni vizuri. Mimi sikusoma, kitabu nakijua kwa kukipangusa vumbi tu. Wenzangu katika ukoo huu walirithi mashamba, wakarithi mbuzi, mimi nikarithi magomvi. Yote ninayo, toka la kwanza. Na magomvi ni mali nzuri, wajukuu zangu: hayaozi, hayaliwi na mchwa, na hakuna mwizi anayeyataka.

Basi, aliondokea mwanamke akiitwa Mashavu. Huyo ni bibi yake bibi yangu, kwa hiyo mkimcheka mnajicheka wenyewe. Chekeni tu. Mashavu alikuwa na mashavu kweli, na maringo, na mdomo. Habari za uzuri sikuambiwa. Mkitaka kuijua sura yake nitazameni mimi, halafu mniongezee meno.

Ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango, alikaa wifi yake, Semeni, dada wa mume wake. Mjane, mrefu, sauti kama baragumu. Wawili hawa walikuwa hawasemeshani. Kisa? Firigisi. Msicheke, nimesema msicheke! Kwetu kuku akichinjwa kwa heshima ya mgeni, firigisi ni ya mgeni. Siku Mashavu alipomwoza mwanawe, akachinjwa kuku wa shangazi, yaani Semeni. Sahani ikaja. Paja lipo, kidari kipo. Semeni akageuza, akageuza, akauliza, "Firigisi iko wapi?" Haipo. Sisi huku tunasema ilikuwa paka. Kwa kina Semeni, wanavyosimulia wao, nyumba ile haijapata kufuga paka.

Ndiyo hivyo. Huyu akitoka nje yule anaingia ndani. Yule akikohoa huyu anatema mate.

Ikaja njaa. Si hizi njaa zenu za ugali kuchelewa. Mvua ilikataa. Ikakataa masika, ikakataa vuli, ikakataa masika tena. Njaa ile wakaiita Fungamlango, maana kabla yake mtu alikula mlango wazi, mpita njia akikaribishwa. Mwaka ule aliyepata cha kutia mdomoni alifunga mlango kwanza. Wanaume wakafungasha wakaenda kuhemea, kutafuta chakula nchi za mbali. Mume wa Mashavu yumo, na mwanawe yumo. Wakaenda, wakaenda, kimya. Nyumbani akabaki Mashavu na mkwewe, Tunu, mke wa huyo mwanawe. Na Tunu ana mimba, tumbo liko puani.

Wanawake waliobaki wakasema, tusikae tukafa kama kuku wa kideri. Wakaingia porini kuchimba ndiga. Mnaijua ndiga? Kiazi cha mwitu, kiko chini huko ndani ya ardhi, na ni sumu. Ukikila hivi hivi unalewa, unaanguka, hata kuaga huwahi. Mpaka ukichimbe, ukikate vipande vyembamba, ukizamishe mtoni ndani ya kikapu, maji yakioshe siku na siku, ndipo ukianike, ukitwange. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anachimba, mmoja anakata, mmoja analinda vikapu visisombwe. Kwa hiyo walikwenda kwa kikoa, na asubuhi walipita mlango kwa mlango: "Hodi! Twende!"

Wakafika kwa Mashavu. "Hodi! Mama, twende tukachimbe."

Sasa Mashavu akatazama ng'ambo ya njia. Semeni kasimama mlangoni kwake, shingo ndefuuu, anasikiliza. Loo! Aonekane na Semeni kabeba jembe la njaa? Mashavu akajibu kwa sauti ya kusikika, "Nendeni tu, wenzangu. Mimi mtama wangu haujaisha."

Mtama gani? Ghalani alibaki panya, na panya mwenyewe alikuwa anafungasha.

Wale wanawake wakavuka njia. "Hodi! Bi Semeni, twende." Semeni naye, amesikia alichosikia, akasema, "Wangu ndiyo kwanza nimeufungua."

Wakaenda zao. Na kesho yake hawakupiga hodi.

Lakini uongo, wajukuu zangu, ni kama mtoto: ukishauzaa lazima uulishe. Nyumba yenye mtama inajulikana kwa kinu chake. Utasemaje una mtama na kinu kimelala? Mashavu akafagia ghala, akapata pumba kidogo za mwaka juzi, akazitia kinuni ili kisilie utupu. Akashika mchi. Tu! Tu! Tu!

Semeni akaruka. "Kumbe kweli anao! Mwizi wa firigisi ana mtama!" Akakata mabua makavu, akayavunjavunja, akatia kinuni kwake. Tu! Tu! Tu!

Huku tu! Kule tu! Mashavu akaimba:

*Kwangu kinu kinalia,
kwa jirani kinavumilia!*

Semeni akarudisha:

*Kwangu mchi umechoka,
unga unamwagika!*

Mnaona akili za kwetu hizo? Watu wote wanatafuta nguvu za kuchimba chakula, bibi zenu nguvu zao wanazitwanga. Jasho linawatoka, mikono ina malengelenge, na jioni wote wawili wanakunywa maji wanalala. Mashavu akamaliza mashavu. Lakini asubuhi? Tu! Tu! Tu!

Katikati ya twangatwanga hiyo Tunu akajifungua, mtoto wa kike. Ukawa msiba sasa, maana mama hajala, na ziwa la mama asiyekula ni ngozi tu. Mtoto ananyonya, anavuta, hakuna. Analia. Mchana analia, jioni analia. Na Tunu amelala kitandani, anasikia kinu uani, tu, tu, tu, anasubiri uji. Uji hauji.

Akaita, "Mama."

"Abee, mkwe wangu."

"Huo mtama unaoutwanga toka juzi, hauivi?"

Mashavu akajibu, "Unapoa."

"Nipe hivyo hivyo wa moto."

Mashavu akatoka uani akasimama na mchi wake. Ndani Tunu akageukia ukutani akalia, akisema moyoni, mama mkwe anakula peke yake, ananiua mimi na mwanangu. Na mtoto kilio kikaanza kupungua. Mnajua mtoto akinyamaza kwa njaa si kwamba amebembelezeka. Sauti yake ikawa ndogo, ndogo, kama ya kipaka kilichotupwa. Mashavu akaisikia. Mguu mmoja ukamwambia, nenda kwa wanawake wenzako mtoni ukaombe. Mguu wa pili ukasema, na Semeni akuone? Miguu ya ukoo wetu hiyo. Mimi mwenyewe ninayo, ndiyo maana natembea hivi upande.

Akashika mchi. Tu...! Tu...!

Basi siku ile akapita mtani wetu, Dilunga. Watani wetu walikaa ng'ambo ya mto, na mtani mnamjua: haingii kwa hodi, na ukimkasirikia faini juu yako. Kibabu kikavu, mguu mmoja unavuta. Huyo, akaingia moja kwa moja mpaka uani.

"Weee, ukoo wa walafi! Nchi nzima inakufa, nyinyi mnatwanga! Nimevisikia vinu vyenu toka bondeni. Nipe uji wangu!"

"Mtani, pita kesho," Mashavu akasema. "Bado sijapepeta."

"Nitaubwia na makapi yake. Tumbo langu halichagui kama lako." Na mkono huo, ndani ya kinu! Mashavu akadaka mkono, kibabu kikauchomoa. Kikafungua kiganja. Vumbi. Vumbi la pumba, na vijiti vyekundu vya mti wa kinu. Maana alitwanga mpaka kitako cha kinu kikaanza kumeguka.

Dilunga akatazama kiganja. Akamtazama Mashavu. "Mtani," akasema taratibu, "umeanza kula kinu?"

Mashavu akaficha mchi nyuma yake.

Kibabu kikavuka njia, mguu unavuta, kikaingia uani kwa Semeni, kikatia mkono kinuni kwake, kikatoa mabua. Basi hapo! Alicheka yule mzee, akakaa chini akacheka, akalala chali katikati ya njia akacheka, machozi yanamtoka. "Njooni! Njooni muwaone watani zangu! Huyu anatwanga vumbi, yule anatwanga kuni! Wanashindana kushiba upepo!"

Wanawake ndiyo hao wanatoka mtoni na vikapu vichwani. Wakatua. Wakachungulia kinu hiki, wakachungulia kile. Mkubwa wao, Mama Kidawa, akashika kiuno.

"Mashavu! Sisi kila siku tunapita hapa tunatema mate, tunasema mchoyo huyu, mtoto analia ndani yeye anatwanga! Kumbe huna kitu?"

"Sina."

"Sasa ulishindwa kusema?"

Mashavu akaelekeza kidole ng'ambo ya njia. "Angesikia yule."

Wanawake wakacheka, acheni! Wenye njaa, mbavu ziko nje, wakacheka wakashikana. Mashavu amesimama, mchi mkononi, anatamani kinu kimmeze. Ndipo kicheko kikakatika. Ndani Tunu aliita, sauti ya woga: "Mama! Mtoto halii tena!"

Aliyekimbia wa kwanza hakuwa Mashavu. Alikuwa Semeni. Alivuka njia ile kwa mara ya kwanza toka siku ya kuku, akainama mlangoni akaingia, akambeba mtoto. Mtoto mwepesi kama jani. Bado anapumua, lakini macho yamerudi ndani. Semeni akatoka naye uani, na baragumu lake lote: "Mjukuu wa kaka yangu anakufa, mmesimama mnanitazama? Mwenye maziwa nani? Mama Kidawa, binti yako ananyonyesha, yuko wapi? Mwiteni! Na mwenye unga wa ndiga nyumbani, alete, akoroge uji, ampe mama yake. Haraka!"

Hakuna aliyeuliza firigisi. Huyu akapuliza moto, yule akateka maji, binti wa Mama Kidawa akaja mbio akampakata mtoto. Mtoto halivuti ziwa. Wakamkamulia mdomoni, tone, tone. Wote wamezunguka, kimya, hata Dilunga kanyamaza, na kumnyamazisha mtani si mchezo. Tone. Tone. Kisha shavu lile dogo likacheza. Likacheza tena. Akavuta.

Mashavu akakaa chini vumbini, akalia.

Semeni akamwinamia. "Mimi nilidhani mnakula," akasema. "Nikisikia kinu nasema, angalau mtoto anapata."

"Na mimi nilidhani wewe unakula."

"Mjinga wewe!"

"Mjinga mkubwa wewe uliyenifuata kutwanga!"

"Nani alianza?"

Hapo wakasemeshana, na toka siku hiyo hawakunyamaza tena. Asubuhi hodi ilipopigwa walitoka wote wawili. Kwa zamu: huyu akienda kuchimba yule anabaki na Tunu na mtoto. Siku za kukata ndiga wanakwenda mtoni pamoja, kikapu kimoja, maana Mashavu ana kisu na Semeni ana macho. Na mdomo wote wanao. Dilunga alijilipa faini yake ya utani: kila alipopita alikula bakuli la kwanza, akilalamika kwamba sisi ni wapishi wabaya. Uongo huo aliusema mpaka kufa kwake.

Zikapita siku, wanaume wakarudi. Walikuwa wamebeba mtama na mihogo mikavu, lakini walitembea kwa woga, kwa sababu njiani walikopita walikuta nyumba zimebaki majivu na makaburi mapya. Wakafika juu ya kilima, kijiji kiko chini. Wakasimama kusikiliza. Hawakusikia kinu hata kimoja. Mume wa Mashavu akatua mzigo. "Tumechelewa," akasema.

Wakakaa pale juu, hakuna anayethubutu kushuka.

Mara, toka chini mtoni, sauti ikapanda.

"Vipande gani hivyo, vinene kama nyayo zako? Unataka kutuua wote?"

"Kata wewe basi, mwenye vidole vya dhahabu!"

"Nitakata! Lete kisu! Na mshike mtoto vizuri, kichwa kinaning'inia!"

"Nilishika watoto kabla hujajua kufunga kanga, wewe!"

Mume wa Mashavu akainuka. Machozi yanamtoka, anacheka. "Wazima!" akampigia kelele mwanawe. "Wazima, wanatukanana! Na mtoto yupo!" Wakateremka kile kilima wakikimbia, mizigo na yote.

Mtoto yule ndiye aliyemzaa mama yangu. Kwa hiyo mimi hapa, na nyinyi hapo, wote tumetokana na tone la maziwa, uji wa ndiga na kelele nyingi.

Haya, sikilizeni. Siwaambii msigombane. Nitawaambiaje hivyo, damu hii naijua? Gombaneni. Lakini njaa yako usimfiche jirani kwa kuwa ulimnunia; mseme huku mnachimba, mtukane huku kamshikia mtoto wako. Aliyenyamaza na taabu yake ndiye wa kuogopewa, si mwenye kelele.

Nami nanyamaza sasa, ila mimi msiniogope. Nilichotwikwa na bibi yangu nimekitua miguuni penu. Mwenye shingo ajitwike, aliyesinzia amuulize mwenzake, na atakayekisimulia vibaya asitaje jina langu.