Bwana Kiboko na Mashine ya Korosho

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nani?
— Palikuwa na bosi!
— Bosi ana nini?
— Ana tumbo!
— Na akili?

Mbona mmenyamaza? Haya, tuendelee.

Hapo kale alikuwepo Kiboko, mwenye kibanda cha kubangulia korosho. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kulala. Waliobangua ni Kobe, Kanga na Bi Kindi, mdogo kuliko wote, mama wa watoto wachanga. Walijipaka majivu mikononi wasiunguzwe na mafuta ya maganda, wakagonga ta! ta! ta! kutwa nzima. Korosho nzima ni ya Kiboko. Iliyovunjika ni ya mbanguaji, anakwenda nayo nyumbani. Ndiyo desturi ya pale, na watoto wa Bi Kindi waliishi kwa vipande hivyo.

Siku moja Kiboko akaleta mashine, dude la chuma lenye gurudumu la kuzungusha. Tumbili wa mjini alimwambia haivunji hata korosho moja. Kiboko akaamini, maana aliambiwa akiwa ameshiba. Hakumuuliza mbanguaji yeyote. Awaulize ya nini, na vitumbo vyao vile?

Akaita mkutano.

"Wafanyakazi wangu wapendwa," akasema, "mimi ni bosi wa kisasa, napenda kuwashirikisha. Mashine nimeshanunua. Nyinyi nimeshawafukuza, mwisho wenu leo. Haya, toeni maoni."

Ebo! Huko ndiko kushirikishana! Kobe akarudisha kichwa ndani. Kanga akaangua kilio. Bi Kindi akawaza: watoto watakula nini? Lakini hakulia. Akanyoosha mkono.

"Bosi, mimi mashine naipenda sana."

"Mnaona? Mwenzenu ana akili."

"Naomba kitu kidogo tu. Kesho uizindue mwenyewe, wanyama wote wakuone. Na desturi yetu, nzima yako, iliyovunjika yetu, ibaki mpaka yaishe magunia yaliyomo ghalani. Mashine si haivunji? Basi hutatoa kitu."

Kiboko akacheka ho! ho! ho! Kumpa mtu kitu ambacho hakipo, raha iliyoje!

"Iliyovunjika yenu, hata ikijaa ghala!" akaapa mbele ya wote. "Nikikana neno langu, mto unitapike!"

Kulipokucha wanyama wakafurika. Kiboko akashika gurudumu, akazungusha polepole. Kwacha... kwacha... Korosho zikatoka, chache nzima, nyingi nusunusu. Bi Kindi akaguna.

"Mh! Ndiyo nguvu zote hizo, bosi? Huko nyuma wanasema Kifaru angezungusha haraka zaidi."

"Kifaru? Yule?"

Kwacha! Kwacha! Kwacha!

"Loo! Bado kidogo tu umfikie Kifaru!"

KWACHAKWACHAKWACHA! Likaisha gunia, likaja jingine, mpaka ghalani wakabaki popo. Kiboko jasho chepechepe, macho juu anakosikia makofi. Chini hakutazama. Wakubwa hawa chini hawatazami, shingo zinawauma.

Alipotazama, alikuta chenga na unga. Korosho nzima hazikujaa hata kikombe.

"Asante sana, bosi," akasema Bi Kindi. "Hivi vyetu."

"Wezi nyie!"

"Uliapa!" wanyama wote wakapaza sauti. "Uliapa, tulisikia!"

Kiboko akautazama mto. Kiboko bila mto atakwenda wapi, na ngozi ile isiyovumilia jua? Akafunga domo lake. Kobe akabeba, Kanga akabeba, na Bi Kindi akaita ukoo wake wote wa kindi, wakahamisha chenga mpaka jioni. Mwaka ule watoto wake walinenepa wakashindwa kupanda mti.

Na Kiboko je? Kibanda hakina korosho, hakina mbanguaji. Unadhani aliona aibu? Thubutu! Akaita mkutano mwingine. Hakuja mtu. Akajihutubia, akajiuliza maoni, akakubaliana na nafsi yake kwamba kosa ni la wafanyakazi, akajipigia makofi. Yuko hapo mpaka leo, anapaka mashine rangi.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeipenda aiokote, anayemwogopa bosi wake airuke apite.

Na funzo mlishike, watoto wazuri: mfanyakazi asiulizwe kitu kamwe. Ukimuuliza, atajibu.