Kiwanja cha Bondeni na Nyongeza Yake

Ngano yangu iko njiani.
— Tunaisikia nyayo.
Imechoka, yataka pa kukaa.
— Ikae, hatuidai kodi.

Alikuwepo Nguchiro, mnyama mdogo wa kupenya tunduni. Alipanga kwenye shimo la Nungunungu, na kila mtoto alipozaliwa, kodi ilipanda. Akawaza, "Nitafute kiwanja changu. Nichimbe vyumba, kimoja nikae, vingine nipangishe." Mali yake ilikuwa ghala la maboga, jasho la misimu yake yote. Yakipotea hayo, wanawe watalala nje masika yote.

Muuza viwanja alikuwa Nyati. Nyati hakununua ardhi. Alisimama mahali, akatikisa pembe, pakawa pake.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba, binti yangu. Nina kiwanja bondeni, cha kwako hasa."

Wakateremka, Nyati mbele, gu, gu, gu, Nguchiro nyuma, chi, chi, chi. Udongo ulikuwa laini, nyasi mbichi ijapokuwa kiangazi. Nguchiro akanusa, fwi fwi fwi, akapekua nyasi.

"Mzee, mbona kuna magamba ya konokono?"

"Mabaki ya karamu. Hapa pana raha."

Nguchiro akanusa, fwi fwi fwi, akainua macho. Kwenye matawi ya mgunga, juu kuliko pembe za Nyati, kulikuwa na nyasi kavu na vijiti vilivyonasa.

"Na nyasi zile zilipandaje kule?"

"Ndege wanajenga."

Nguchiro akatega sikio. Hakukuwa na ndege.

"Bei ni maboga yako yote. Amua upesi," Nyati akasema. "Sungura alikuja asubuhi, anakitaka sana. Nimekuonea huruma tu kwa sababu una watoto."

Huruma ya Nyati ilimtia Nguchiro ubaridi mgongoni. Hapa maji hupita, akajua. Lakini alikuwa ameona kitu kingine: kilima cha mawe juu ya bonde, chenye mianya mingi kati ya mwamba na mwamba. Nacho kilikuwa cha Nyati. Akikitaja kwa hamu, bei itaruka.

"Maboga yangu yote ni mengi mno," akasema kwa unyonge. "Nipe basi nyongeza. Hata kile kilima kibovu, watoto wachezee."

Nyati akacheka hadi mate yakamtoka. "Mawe matupu. Chukua." Kobe akaitwa awe shahidi, wakaafikiana.

Tangu hapo, kila asubuhi Nguchiro alishuka bondeni. Alichimba kidogo, akanusa, fwi fwi fwi, akatazama huku na huku, akafunika kwa majani. Nyati alikuwa akimchungulia kutoka kichakani, na roho ikaanza kumwasha.

"Unachimba nini, Nguchiro?"

"Sichimbi kitu, mzee. Hapa hapana kitu."

"Mbona unafunika?"

"Ndiyo mazoea yangu. Kiwanja chenyewe hakifai. Masika maji yatapita."

Nyati alijua kuwa hilo ni kweli, kwani yeye ndiye aliyelificha. Lakini mwongo huwapima wenzake kwa kibaba chake. Akawaza: anayesifu anauza, anayeponda, basi kuna kitu anaficha. Hakupata usingizi. Kulipokucha akaja mbio, gu gu gu gu.

"Nirudishie kiwanja changu."

"Nimeshakizoea, mzee."

"Nakurudishia maboga yako yote."

"Na watoto wamekipenda."

"Naongeza na maboga ya shamba langu."

Nguchiro akashusha pumzi kama anayeagana na mzazi. "Mbele ya Kobe, basi. Na nyongeza yangu inabaki kwangu."

"Baki na mawe yako," akasema Nyati.

Nyati akahamia bondeni. Akachimba kwa pembe, akachimba kwa kwato, akalala palepale asije akaibiwa. Kilimani, Nguchiro alikuwa akifagia mianya, akiweka wapangaji: Pelele chumba cha juu, Kenge chumba cha chini, na Sungura, ambaye alishangaa kusikia kwamba aliwahi kukitaka kiwanja cha bondeni.

Kisha mvua ikaja, shaaa. Mto ukashuka, vuuu, ukabeba udongo, ukabeba magogo, ukambeba na Nyati. Alijiokoa kwa kukwama kwenye matawi ya mgunga, kati ya nyasi kavu na vijiti. Maji yalipopungua, akapanda kilimani akitetemeka.

"Binti yangu, nipe chumba."

Nguchiro akatoa pua mlangoni. "Vyumba vimejaa, mzee. Kuna nafasi barazani, lakini amua upesi. Sungura anaitaka sana."

Funzo lake, wanangu: muuza kiwanja ni mzazi wenu. Akisema upesi, kimbieni mkalipe. Maswali ni utovu wa adabu, na kunusanusa ni tabia ya wanyama.

Ngano yangu imefika kwake.
— Nasi je?
Mwenye kwake aende. Asiye na kwake anione mimi. Nina kiwanja kizuri, nyasi mbichi, bondeni.